Dawa ya Ng'ombe Isiyo na Jina

(Maneno niliyosema kwenye kikao cha vijana wa chama, Lushoto. Nimeyanyoosha kidogo ili yasomeke.)



Najua mlitegemea mwanafunzi wa sheria aje na Katiba Mpya. Hiyo tutaizungumza jioni. Mimi nimekuja na ng'ombe wa mama.

Huku kwetu Usambara ng'ombe yuko bandani, majani unambebea kichwani, na maziwa yake ndiyo chumvi, sare na nauli. Mwaka jana wetu alishikwa homa, tezi zikavimba, akaacha kula. Mtaalamu akapanda na pikipiki, akasema ni ndigana kali, akachoma sindano, akatoza elfu sitini. Mama akauliza, "Mwanangu, hii dawa inaitwaje?" Akajibiwa, "Ya ndigana, mama." Chupa ikarudi kwenye begi. Cheti hakuna, risiti hakuna.

Hali haikutulia, na mtaalamu simu hapokei. Nikashuka mjini mwenyewe. Dukani nikaulizwa: alichomwa dawa gani, na cheti kiko wapi? Nikabaki mdomo wazi. Na yule muuza duka, niwaambie ukweli, alikuwa sahihi. Dawa hizi hazichomwi kwa kubahatisha. Basi tukamsubiri yuleyule, kwa bei yake ileile. Ng'ombe alipona, mimba ikatoka. Ndama huyo tulishampangia: ada yangu.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza wafanyabiashara washindani kupatana bei. Inakataza pia mkubwa wa soko kutumia nguvu zake vibaya. Sawa. Lakini mtu kuwa peke yake mlimani si kosa, na huyu hakupatana na yeyote. Anayechagua dawa ndiye anayeiuza, na mnunuzi hajui hata jina lake. Ushindani utatoka wapi hapo? Mjini maduka yawe hata kumi, kwa mama yangu duka ni moja, nalo liko kwenye begi.

Waingereza, na mbwa na paka wao, wamepita humuhumu. Amri ya mwaka 2005 iliwazuia madaktari wa wanyama kutoza chochote kwa kuandika cheti, kwa miaka mitatu, ili mteja akanunue anakotaka. Oktoba 2025 mamlaka yao ya ushindani ikalirudia jambo hilo, ikapendekeza ada ya cheti isizidi kiasi cha pauni 16. Yaani kwao wanabishania bei ya karatasi. Sisi karatasi yenyewe hatujaiona!

Sisemi mtaalamu afanye kazi bure. Petroli ya kupanda Mtae nani asiyeijua? Atoze safari, atoze utaalamu wake, ila aandike. Sheria ya Veterinari, nayo ya 2003, iliunda Baraza la Veterinari linalosimamia watu wa kazi hii, kwa hiyo pa kupeleka malalamiko papo.

Ninachoomba ni hiki. Kila mmoja wenu azungumze na wafugaji watano kabla ya mkutano wa kijiji chake. Tuingie na hoja moja: kila sindano iwe na karatasi yenye jina la dawa, kipimo, siku ambazo maziwa hayanywewi, na bei ya dawa iandikwe mbali na bei ya kazi. Mwenyekiti akisema mnaleta siasa, mwambieni ndiyo, ni siasa ya ng'ombe.

Daftari ninalo hapa. Wa Mlola na wa Soni waanze kujiandikisha, maana gari lenu linaondoka mapema.