Taa ya Oili Ikiwaka: Zima Injini Kwanza

Haya ni maneno ya fundi mmoja wa magari alipozungumza na madereva na wenye magari wa wadi ya Bulla Pesa. Tumeyachapisha kwa faida ya wakazi wote wa kaunti.

Naona wengi mmeacha kazi kuja hapa, kwa hivyo sitawachelewesha na salamu.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, kabla sijawa fundi, nilikuwa naendesha pikapu kutoka Merti kuja Isiolo. Nyuma kulikuwa na mbuzi na abiria, na mbele nimeketi na mama mjamzito aliyekuwa anakimbizwa hospitali. Njiani taa nyekundu ya oili ikawaka. Nilipopunguza mwendo ikazima, na nilipokanyaga tena ikawaka. Nikasimama, nikachomoa dipstiki, nikaona oili imefika juu kabisa. Nikasema, hii ni waya tu. Nikafunga boneti nikaendelea.

Hatukufika mbali. Injini ilianza kugonga kama mtu anayepiga nyundo ndani ya debe, kisha ikakwama. Tulikaa chini ya mti karibu saa nne mpaka lori likapita. Yule mama alifika salama, na namshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu si mimi niliyemfikisha.

Kosa langu ni kosa ambalo bado naliona kila wiki hapa mjini. Dipstiki inakuambia una oili kiasi gani. Ile taa yenye picha ya birika inakuambia kama oili inasukumwa mpaka inapohitajika. Ni mambo mawili tofauti. Tangi la maji pale nyumbani linaweza kujaa na mfereji usitoe tone. Kwangu, kichujio kilicho chini ya sampu, pale pampu inapovutia oili, kilikuwa kimezibwa na tope jeusi. Oili ilikuwepo lakini haipiti.

Presha ya oili hupimwa kwa PSI, kipimo kilekile mnachotumia kwa upepo wa tairi. Injini nyingi zikishapata moto na gari likitembea huwa kati ya 25 na 65. Mafundi wana hesabu ya haraka: PSI 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Ni makadirio tu, kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Lakini sikilizeni hapa. Katika magari mengi swichi ya ile taa huwasha presha ikiwa imeshashuka mpaka karibu PSI 5. Kwa hivyo taa haikupi onyo la mapema. Ukiiona nyekundu, chuma kiko karibu kusugua chuma.

Basi ikiwaka, toka barabarani, zima injini. Usingoje kituo kinachofuata. Najua mtaniambia, fundi, wewe unasimama wapi saa tatu usiku kati ya Archers Post na Merille? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba kama hapo pana hatari kwa maisha ya watu, endesha, injini ni chuma. Ila ujue umeiuza, na huenda isikufikishe. Ndiyo maana nawasihi mpime oili asubuhi, gari likiwa mahali tambarare, kabla ya kutoka Bulla Pesa.

Ukishazima, ngoja dakika tano au kumi oili ishuke, kisha pima. Kama imepungua, tazama chini ya gari kama inavuja, ongeza, washa. Taa ikizima ndani ya sekunde chache, endelea polepole huku ukiitazama. Taa inayowaka kwenye kona au ukipiga breki, mara nyingi ni oili kupungua. Kama dipstiki inanuka petroli au dizeli, mafuta yameingia na oili imekuwa nyepesi. Kama oili ina rangi ya chai ya maziwa, ni maji. Hapo usiwashe tena. Na ikiwa oili imejaa, ni safi, na taa bado inawaka, vuta gari. Usifanye kama mimi.

Kwenye gereji, fundi mwema haanzi kwa kufungua injini. Huanza na waya. Kwenye swichi ya kawaida, ukichomoa waya na taa ikabaki imewaka, waya huo unagusa bodi mahali fulani. Panya wetu hupenda sana nyaya. Taa ikizima, hujajua bado kama ni swichi au ni presha yenyewe. Swichi hufunguliwa na geji ya mkono inafungwa mahali pake, injini inapashwa moto, na unasoma ikiwa inanguruma polepole, kisha kwenye mizunguko 2,000. Mwambie fundi akuonyeshe geji. Mtu anayekuambia pampu imekufa kabla hajapima, anakisia kwa pesa zako.

Geji ikisema presha iko sawa, badilisha swichi, umemaliza kwa bei ndogo. Ikisema iko chini, fundi aangalie kama oili na filta ni za aina inayotakiwa, kisha kichujio cha sampu, vali ya kupunguza presha, pampu, na mwisho beringi za krenki. Beringi zilizoisha hujionyesha hivi: asubuhi presha ni nzuri, injini ikishachoka na mlima wa Timau, ukisimama taa inapepesa.

Hapa ndipo ujanja huingia. Wengine humimina oili nzito kuliko inayotakiwa, na taa inazima. Ugonjwa haujapona, umefunikwa, na asubuhi kwenye baridi oili hiyo huchelewa kufika juu. Ukinunua gari, liwashe likiwa baridi, kisha liendeshe mpaka lipate moto. Na kabla ya kuwasha, ukizungusha ufunguo tu, taa ya oili lazima iwake. Isipowaka, huenda balbu imekufa, au kuna mtu ameing'oa.

Presha ya juu pia si sifa. Kupanda asubuhi ni kawaida. Ikibaki juu hata injini ikiwa moto, ama oili ni nzito mno, ama vali imekwama, ama geji inadanganya. Inaweza kupasua filta.

Kuhusu oili za bei rahisi za chupa zisizo na jina, sitasema mengi. Tafuta alama ya ubora ya KEBS na uhakikishe kifuniko hakijafunguliwa.

Nimeleta geji yangu. Mwenye ile Probox nyeupe, tafadhali ilete hapa kivulini na usizime, nataka iwe moto. Vijana, sogeeni mwone inavyosomwa.