Simu Iliyohamishiwa Nje na Sauti Inayopotea Njiani: Mada kwa Mafundi wa Simu za Ofisini



Malalamiko haya kila mmoja wetu ameshayapokea. Mteja anapiga ofisini, dada wa mapokezi anaipokea simu, wanasikilizana vizuri. Mteja anamtaka meneja, na meneja yuko nje kikazi, basi dada anaihamishia simu kwenye namba yake ya mkononi. Kuanzia hapo ni "haloo, haloo, sikusikii bosi, uko wapi?" Fundi akiitwa, anapiga kutoka mapokezi kwenda kwa meneja: safi. Anapiga kutoka nje kuja mapokezi: safi. Anaandika kwenye kitabu kwamba hakuna hitilafu, anakusanya vifaa vyake, anaondoka.

Fundi huyo hakudanganya. Kila kipande cha njia kilipopimwa peke yake kilikuwa kizima. Tatizo liko pale vipande viwili vinapounganishwa, na opereta hawezi kulisikia kwa sababu akishaihamisha simu, yeye ameshatoka kwenye mazungumzo.

Nitaongelea zaidi ofisi zenye PABX iliyofungwa kwenye laini za analogi, yaani waya mbili za shaba kutoka kituo cha simu, kwa kuwa huko ndiko shida ilikojaa. Tufanye hesabu. Waya wa milimita 0.4 hupoteza karibu desibeli 1.7 kwa kila kilomita. Ofisi ikiwa kilomita 3 kutoka kituoni, hizo ni desibeli 5 hivi. Juu ya hapo, kadi za laini kwenye vituo vingi hupunguza kwa makusudi desibeli 6 au 7 kwenye sauti inayotoka kituoni kuelekea kwa mteja, ili mwangwi usisumbue. Basi sauti ya mteja inapoingia ofisini imeshapungua kwa 7 za kituo na 5 za waya. Kwa simu ya mezani hilo si tatizo, imetengenezwa kwa ajili ya hali hiyo. Lakini simu ikihamishiwa nje, sauti hiyohiyo iliyochoka inasukumwa kwenye laini ya pili kurudi kituoni, na inaacha 5 nyingine njiani. Jumla ni desibeli 17 ambazo zisingepotea kama mteja angempigia meneja moja kwa moja. Kwa volti, kinachobaki ni kama sehemu 1 ya 7. Na meneja naye akijibu, sauti yake inapita njia ileile kinyumenyume na kutozwa vilevile.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu chochote, pima. Njia ninayoipenda haihitaji mtu wa nje wala kifaa cha bei. Ufanye mfumo ujipigie wenyewe: utoke kwa laini ya kwanza, upige namba ya laini ya pili, ujipokee. Kwa wanaotumia Asterisk, upande mmoja uwekee Milliwatt, ambayo hutoa mlio wa hezi 1004 wenye kiwango kinachojulikana, na upande wa pili usome kwa dahdi_monitor. Mlio huo unatoka kwa waya wa laini moja, unapita kituoni, unarudi kwa waya wa laini nyingine. Ukizihesabu hatua hizo utaona ni zilezile anazotozwa mteja aliyehamishwa, ila mpangilio wake tu ndio umebadilika. Tofauti kati ya kiwango kilichotumwa na kilichopokelewa ndiyo upotevu wenyewe. Rudia kwa kila jozi ya laini. Mara nyingi utakuta laini moja ni mbovu kuliko wenzake, kiungo kimeingia maji au kimeota kutu, na hapo dawa ni kukaza na kubadilisha viungo kabla ya kugusa programu.

Sasa tuje kwenye kuongeza sauti, ambako ndiko wengi wetu hukimbilia kwanza. Kwenye chan_dahdi.conf ya Asterisk kuna rxgain na txgain, na kishawishi ni kuandika 10 kote kote na kwenda zako. Kuna madhara mawili. La kwanza, umeongeza kwa simu zote za laini ile, si zilizohamishwa tu. Kesho watu wa ndani watalalamika kwamba simu zinapiga kelele masikioni, na tarakimu zinazobonyezwa na wapigaji zitaanza kusomwa vibaya. La pili ni kubwa zaidi. Kila poti ya laini ina haibridi, kile kifaa kinachotenganisha sauti inayokwenda na inayokuja kwenye waya mbili zilezile, na hakuna haibridi isiyovujisha. Laini mbili zikiunganishwa, haibridi mbili zinatazamana. Chukua kwamba kila moja inarudisha sauti ikiwa imepungua desibeli 10 tu, jambo la kawaida pale ambapo ukinzani wa poti haulingani na wa laini. Mzunguko mzima unapunguza 20. Ukiongeza 10 kwenda na 10 kurudi, umeufuta upungufu wote, na laini itaanza kuvuma yenyewe bila mtu kusema neno. Hata kabla ya kufika huko, wazungumzaji watajisikia kama wako ndani ya pipa.

Basi sawazisha ukinzani kwanza. Kwa baadhi ya kadi fxotune hufanya kazi hiyo vizuri. Washa kizuia mwangwi. Kisha ongeza kidogo, tena kwenye simu zinazotoka laini hadi laini peke yake. PABX nyingi za kiwandani zina jedwali la viwango kwa kila aina ya muungano, nalo mafundi wengi hawajawahi kulifungua. Kwenye Asterisk tumia VOLUME kwenye tawi la simu iliyohamishwa, ila angalieni: namba unayoiandika pale ni ya kuzidisha, si desibeli. Ukiandika 2 umeongeza desibeli 6, ukiandika 4 umeongeza 12. Mimi sivuki 2.

Hiyo bado haitoshi kufidia 17, na kwa maoni yangu kuzifidia zote hakupaswi hata kujaribiwa. Afadhali simu isipite ofisini kabisa. Kama kituo kinatoa huduma ya kuhamisha, mfumo unaweza kutuma fleshi kwenye laini ileile, kituo kiwaunganishe mteja na meneja, ofisi ijitoe. Unaokoa sauti, na unaokoa laini mbili zilizokuwa zimeshikwa kwa mazungumzo ya watu wasiokuwepo. Wenye laini za SIP wana REFER kwa kazi hiyohiyo, mradi mtoa huduma anaikubali. Muulizeni kabla ya kusaini mkataba. Kwenye SIP na E1 upotevu wa waya haupo, kwa hiyo sauti ikiwa ndogo huko tafuta kiwango kilichopunguzwa na mtu kwenye mipangilio.

Wenye geitwei za laini za mkononi zilizochomekwa kwenye poti za analogi, waya wenu ni wa mita chache. Msihangaike na hesabu ya kilomita; anzeni na menyu ya sauti ya geitwei yenyewe.

Mezani pale nyuma kuna mashine yenye laini mbili. Baada ya chai tutaifanya ijipigie, na kila mmoja atasoma kiwango kwa macho yake.