STIMA YA KIPAZA SAUTI KATIKA MKUTANO WA NJE
(Maneno yaliyosemwa mbele ya makatibu wa matawi)

Ndugu makatibu, na ndugu wanachama wote mtakaosomewa maneno haya huko matawini,

Leo hatusemi habari ya mishahara. Twasema habari ya stima ya mkutano wa uwanjani, maana Mei 1 inakuja, na mambo yanayotupata siku ile twayajua. Uwanja umejaa, watu wametoka mbali kwa nauli yao wenyewe, msemaji ashika maikrofoni, asema neno la kwanza na la pili, kisha kimya. Walio mbele husikia kwa shida, walio nyuma huanza kuondoka. Na mtu wa tajiri, ambaye katika mikutano yetu hakosi, hurudi na habari kwamba chama kimelegea.

Shetani hayumo katika jambo hili. Mara nyingi ni hesabu ambayo haikufanywa.

Mwenye kukodisha vyombo hupenda kutaja wati za spika. Atasema, "Hizi ni wati elfu mbili," nasi tukafurahi. Lakini namba hiyo ni ya sauti, si ya stima inayoliwa. Mgeuzie amplifaya mgongo, utaona kibandiko kinachotaja volti na ampea. Ampea hizo ndizo za kuandika. Tuseme amplifaya mbili zataka ampea 4 kila moja, na mtambo wa kuchanganya sauti pamoja na maikrofoni zataka ampea 1. Jumla ni ampea 9. Zidisha kwa volti 240 za Kenya, utapata wati 2,160.

Sasa tazama jenereta. Ikiandikwa kVA 2.5, wengi hudhani inatosha. Haitoshi, kwa sababu jenereta nyingi hutoa wati kama sehemu nane katika kumi za namba ile, yaani wati 2,000. Basi twaenda kwa jenereta ya kVA 5, ambayo ni wati 4,000. Hapo tena liko jambo ambalo ndugu zetu wa Mombasa hawana haja ya kulijali, bali sisi wa bara hatuna budi. Injini ya petroli huvuta hewa, na hewa ya milimani ni nyepesi. Kwa kila mita 300 za kupanda, injini hupoteza karibu sehemu tatu na nusu kwa mia za nguvu zake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari; wati zile 4,000 huwa kama 3,200 tu. Eldoret, kwenye mita 2,100 hivi, hubaki kama 3,000. Tena si vizuri kuikamua jenereta yote, kwa kuwa mpigo mmoja wa ngoma waweza kuivuta ghafula ikayumba. Ukiiachia robo, Nairobi una wati 2,400, nazo zatosha kwa zile 2,160. Eldoret pia zatosha, lakini kwa kubana sana.

Halafu mama mmoja wa kamati aja na birika la stima, kwa nia njema kabisa, ili wageni wanywe chai. Birika hilo peke yake laweza kula wati 2,000. Mkutano umekwisha! Chai ipikwe kwa makaa, au iwe na jenereta yake mbali. Na mwenye simu iliyoishiwa chaji naye asiende kuchomeka nyuma ya jukwaa. Simu hula stima kidogo tu, ila mkono wake ndio huangusha plagi ya amplifaya.

Waya nao una hesabu. Jenereta yafaa kuwekwa mbali, upande ambao upepo hauleti moshi kwa watu, kwa sababu moshi ule huua na kelele yake huharibu hotuba. Lakini ukivuta ampea 9 kwa mita 60 katika waya mwembamba wa milimita mraba 1, volti kama 24 hupotea njiani. Katika waya wa milimita mraba 2.5 hupotea kama 10 tu. Na waya uliozungushwa kwenye gurudumu lake ufunguliwe wote, hata kama nusu haina kazi. Ukiachwa umeviringwa hushika moto ndani kwa ndani.

Sasa twafika penye uhai wa watu, na hapa twaomba masikio yenu sana.

Kipaza sauti kikianza kuvuma, wako mafundi wa njiani ambao hukata waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, na mvumo hunyamaza. Kumbe wamemweka msemaji mahali pa kufa. Mnamo Mei 1972, mpiga gita wa Scotland, Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani mjini Swansea baada ya kushika maikrofoni ambayo haikuunganishwa na ardhi. Mvumo hutibiwa kwa kuchukua stima ya vyombo vyote mahali pamoja, si maikrofoni kwa jenereta na spika kwa jumba la jirani. Waya wa ardhi hauguswi.

Katika njia ya stima iwekwe ile swichi inayokata mara stima inapovuja, ya miliampea 30. Walakini swichi hiyo yaweza kukaa bure kama jenereta haikufungwa inavyostahili, na hilo ni neno la fundi mwenye leseni chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, si la katibu wala la mwenye lori. Viungo vya waya viinuliwe juu ya majani, maana mvua ya Mei twaijua. Kuunga kwenye laini ya nguzo, hapana, hata kama kijana asema amefanya hivyo mara nyingi.

Na kijana huyo ni nani? Mara nyingi ni kibarua aliyechukuliwa asubuhi ile, hana glavu, hana viatu, aambiwa amimine petroli injini ikiwa inanguruma, naye hulipwa soda. Sisi tunaopiga kelele juu ya vibarua wa matajiri twamtazama tu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yasema mfanya kazi akiona hatari kubwa aitoe habari, wala asirudishwe penye hatari ile kabla haijaondolewa. Twataka sheria hiyo ifuatwe kwanza katika jukwaa letu wenyewe. Injini izimwe na ipoe ndipo petroli imiminwe. Malipo yake yaandikwe katika hesabu ya mkutano pamoja na turubai na viti.

Siku yenyewe, washeni jenereta bila mzigo, ingoje dakika chache, kisha mtambo wa kuchanganya sauti, na amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, amplifaya ziwe za kwanza. Jaribuni vyombo vyote saa mbili kabla ya watu kufika. Na wekeni karibu kipaza sauti cha mkono cha betri, kile cha honi, chenye betri mpya.

Kila tawi lituletee karatasi moja kabla ya kulipa arbuni: ampea za kila chombo, namba ya jenereta, urefu na unene wa waya, jina la fundi na leseni yake, na ujira wa kibarua. Tawi lisiloleta karatasi hiyo, mweka hazina hatatoa fedha.