Pikipiki ya Kikundi na Mikwaruzo ya Rangi Mpya

(Maneno tuliyozungumza na wanavikundi, Gongoni)

Mwenyekiti alituomba tuzungumze juu ya vitabu vya hesabu. Hayo tutayafikia siku nyingine. Leo kuna jambo limekwama kooni mwa kikundi kimoja hapa jirani, na twaona afadhali tulitoe.

Tangu kodi ya pikipiki ndogo ipunguzwe mwaka 2008, pikipiki imekuwa shamba la pili kwa watu wengi. Kikundi hicho kinayo moja. Ilipigwa rangi upya, nyekundu ya kung'aa, kila mtu akafurahi. Miezi miwili haijaisha, ikisimamishwa juani tangi lote laonekana limejaa mikwaruzo myembamba ya mviringo, kama utando wa buibui. Wengine wakasema fundi ametuibia. Wengine wakasema ni yule kijana mwendeshaji, hajali mali ya watu. Akakatwa hela, akanyang'anywa ufunguo. Na mchango wa kupiga rangi mara ya pili ukaanza.

Tulipoitwa tulikwenda na fundi wa rangi kutoka Malindi. Hakusema neno. Alimwaga maji kidogo juu ya tangi, ile mikwaruzo ikafifia. Maji yalipokauka, ikarudi. Akapitisha ukucha, ukateleza bila kukwama. Basi akatueleza: juu ya rangi kuna tabaka lisilo na rangi, mafundi waliita kliya, ndilo linaloleta mng'aro. Mikwaruzo imo humo tu. Ingekuwa ni mistari ya msasa iliyoachwa chini ya kliya, maji yasingeififisha, na hapo kweli fundi wa kwanza angeulizwa. Na ukucha ungekwama, basi mkwaruzo ni wa kina, kusugua hakutoshi.

Tena si ya mviringo, jamani! Imeelekea kila upande, ila jua laangaza ile tu inayolizunguka. Sogeza kichwa, miduara nayo itasogea.

Sasa imetoka wapi? Tukauliza ni nani huosha. Kumbe huoshwa kila jioni kwa zamu, kila mtu na njia yake. Huku kwetu kuna mchanga, kuna vumbi, kuna chumvi ya mashambani. Mtu achukua kitambaa kikavu, afuta kwa kuzungusha mkono. Ule mchanga ni msasa! Kitambaa chaanguka chini, akikung'uta mara moja, aendelea. Mwingine apaka dizeli ing'ae. Mikwaruzo yajificha siku moja, kesho vumbi lote limenasa pale.

Mama mmoja akauliza, "Sasa mwanangu, wasema sisi ndio tuliokwaruza?"

Fundi akamjibu, "Ndiyo mamangu. Mwaipenda mno."

Kuiondoa si kazi ya gharama, ila yataka subira. Rangi ikomae kwanza. Kama fundi alitia hadina, ile dawa ya kugandisha, hukomaa mapema. Kama ni rangi ya kopo tu, yaweza kubaki laini majuma kadhaa nawe wadhani imekauka. Muulizeni. Pikipiki iwe kivulini, tangi limepoa. Mwagieni maji mengi bila kugusa, mchanga ushuke wenyewe. Ndipo muoshe kwa sabuni isiyo kali na kitambaa laini cha pamba, kutoka juu kwenda chini, mkikisuuza kila mara kwenye ndoo ya pili. Maji ya mwisho yawe ya mvua mkiwa nayo, maana ya kisima chenye chumvi huacha weupe.

Kisha dawa ya kung'arishia rangi, ile laini kabisa. Wengi wetu hukimbilia ile kali ya kusaga. Hiyo hula kliya na kuacha mikwaruzo yake yenyewe. Tia kiasi cha punje ya kunde, sugua sehemu ya ukubwa wa kiganja, polepole, kwa mistari iliyonyooka. Futa kwa kitambaa kingine, tazama juani. Bado? Rudia. Pembeni mwa tangi pita juu juu, kliya ni nyembamba pale. Ukiona wekundu kwenye kitambaa, acha hapo hapo, kliya imekwisha. Nta isipakwe mpaka miezi miwili hivi ipite, thina iliyobaki ipate kutoka. Na petroli ikimwagika mkijaza tangi, mwagieni maji mara moja, msisugue.

Fundi alimaliza tangi asubuhi moja. Karibu na kifuniko kuna mikwaruzo michache, aliiacha makusudi. Rangi ya pili haikupigwa. Kijana alirudishiwa ufunguo siku ile ile. Hela aliyokatwa, mpaka tunasema haya, mweka hazina bado hajairudisha.