Kahawa Chungu na Tabia ya Mnywaji



Mwaka 2015 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, Christina Sagioglou na Tobias Greitemeyer, walitoa matokeo ya maswali waliyowauliza Wamarekani 953. Waliosema wanapenda ladha chungu walielekea kupata alama za juu zaidi katika vipimo vya hila, majivuno, ukatili na ukosefu wa huruma. Magazeti yakalidaka jambo hilo, na haukupita muda watu wakaambiwa kwamba anayekunywa kahawa bila sukari huenda ni mtu hatari. Dai hilo bado linazunguka kwenye simu zetu, nalo linamsingizia mtu ninayemheshimu sana: mnywaji wa kahawa ya barazani.

Katika utafiti ule hakuna aliyeonjeshwa kitu. Watu walijieleza wenyewe, ulimi wao na tabia zao, na uhusiano uliopatikana ulikuwa mdogo. Lakini kwangu tatizo kubwa ni mahali. Kama wengi wanaokuzunguka hutia maziwa na sukari, kuchagua uchungu ni kujitenga nao kidogo, na inawezekana kujitenga huko kukaambatana na tabia fulani. Nenda sasa Lamu, Mombasa, au Jaws Corner pale Mji Mkongwe. Kahawa chungu hutoka kwenye dele, humiminwa katika vikombe vidogo, hushushiwa kwa kashata au tende, na hunywewa na watu waliokaa pamoja. Asiyependa watu atafuata nini pale? Uchungu ule mnywaji ameupokea pamoja na salamu, taarifa za msiba na mabishano ya mpira. Maswali yale yale yakiulizwa barazani yatapima kitu kingine kabisa.

Tena ulimi wenyewe haufanani kwa watu wote. Mwaka 1931 mkemia Arthur Fox wa kampuni ya DuPont alikuwa akimimina unga wa kemikali maabarani, vumbi likaruka. Mwenzake akalalamikia uchungu. Fox mwenyewe hakuonja chochote. Mwaka 2003 wanasayansi walitambua jeni inayochangia sana tofauti hiyo, TAS2R38. Basi wawili wakila mboga ya mchunga katika sahani moja, mmoja aweza kukunja uso na mwingine akaongeza tonge, bila wema wala ubaya wa yeyote kuhusika.

Na mafunzo ya ladha huanza mapema mno. Julie Mennella na wenzake wa Philadelphia walionyesha mwaka 2001 kwamba watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti wakati wa ujauzito au wa kunyonyesha waliupokea uji wenye ladha ya karoti kwa kukunja uso mara chache zaidi kuliko uji wa kawaida. Chakula cha mama kilikwisha kuwazoesha kabla hawajashika kijiko.

Sisemi kwamba tabia haina nafasi yoyote. Kwenye pilipili nakubali ushahidi. Nadia Byrnes na John Hayes, Pennsylvania, waliona mwaka 2013 kwamba wapendao msisimko na mambo mapya huelekea kupenda chakula kikali. Hilo lina mantiki, kwa kuwa pilipili huamsha mishipa ile ile inayotuarifu kwamba tumeungua, na anayeipenda amejifunza kufurahia hatari isiyodhuru. Hata hivyo Paul Rozin, aliyechunguza jambo hili kijijini Mexico, aliona watoto wakiizoea taratibu kwa kula mezani na wakubwa wao, ilhali nguruwe na mbwa wa kijiji hicho hicho, waliokula mabaki yenye pilipili kila siku, hawakuipenda. Hata hapa, penye ushahidi mzuri kuliko kwingine, jamaa wanaokula nawe wana sauti kubwa.

Kwa hiyo mwajiri asimpime mwombaji kazi kwa kikombe chake, wala wazazi wasimkatae mchumba kwa sababu ya sahani yake. Nanyi wanafunzi wa saikolojia, msiishie kutafsiri hojaji za Innsbruck. Waonjesheni watu kahawa, mchunga na pilipili kwa kweli, wakiwa peke yao na wakiwa na jamaa zao, kisha yachapisheni matokeo kwa Kiswahili ili wanywaji wenyewe wayasome na kuwajibu.