Kikosi Bora cha Kongo cha Nyakati Zote, na Mtoto Aliyezaliwa Muyinga

(Hotuba ya mwalimu wa timu ya vijana wa kambi, iliyosomwa mbele ya wakazi na wageni katika sherehe ya Siku ya Wakimbizi Duniani, Muyinga)



Kamati imenipa kazi ambayo ukiisikia unadhani ni nyepesi. Nitangaze majina ya wachezaji kumi na mmoja wa kikosi bora cha Kongo cha nyakati zote, kama yalivyopatikana kwa kura zenu. Mnajua wenyewe kwamba kazi hiyo nusura ituvunjie udugu. Wiki tatu kumekuwa na kelele kwenye bomba la maji, kwenye foleni ya chakula, hata msibani. Mzee mmoja amemnunia mkwewe kwa sababu ya golikipa. Kwa hiyo kabla sijasoma majina, nitaeleza kwanza kipimo tulichotumia. Mkikubali kipimo, mtakubali na majina, hata kama kipenzi chako hayumo.

Kipimo chetu kina mambo matatu. Kwanza, mchezaji awe amevaa jezi ya timu kubwa ya taifa, iwe iliitwa Kongo au Zaire. Pili, tunatazama alichofanya akiwa na jezi hiyo, si mshahara aliopata Ulaya. Tatu, hatuulizi kabila wala jimbo. Karatasi tatu zilizoandikwa "mtu wetu wa nyumbani" bila sababu nyingine tumeziweka kando. Tumekimbia nyumbani kwa sababu ya hesabu za namna hiyo, hatuwezi kuzirudia hapa kwa ajili ya mpira.

Basi, golini. Vijana wengi walimtaka Robert Kidiaba, na hawakukosea. Mwaka 2010 alidaka TP Mazembe ilipokuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, ikafungwa na Inter Milan mabao 3 kwa 0. Watoto wote wa kambi hii wanajua kuruka kwa makalio kama yeye. Lakini wazee wamesimama na Kazadi Mwamba, aliyedaka mwaka 1968 kule Addis Ababa, tulipoifunga Ghana bao 1 kwa 0 na kuchukua Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza. Bao lile alilifunga Kalala. Kazadi alikuwa golini tena mwaka 1974. Kazadi anaanza, Kidiaba anakaa benchi, na yule mzee na mkwewe ninawaomba wapeane mikono leo.

Mabeki wa pembeni ni Mwepu Ilunga na Mukombo. Katikati yuko Bwanga Tshimen, mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1973, na pembeni yake Chancel Mbemba. Wazee walimtaka Lobilo. Vijana wakajibu kwamba Mbemba ameibeba timu hii miaka mingi, na kwamba Novemba 2025 ndiye aliyefunga bao pekee lililoitoa Kameruni katika kutafuta Kombe la Dunia. Hapo wazee walinyamaza. Lobilo yuko benchi.

Viungo ni Kidumu Mantantu, nahodha wa mwaka 1974. Youssouf Mulumbu, nahodha wa mwaka 2015 tulipopata nafasi ya tatu Afrika. Na Trésor Mputu, aliyeongoza timu ya wachezaji wa ndani kuchukua kombe la CHAN mwaka 2009, tulipoifunga Ghana mabao 2 kwa 0.

Mbele kushoto ni Kakoko, waliyemwita Mungu wa mpira. Mbele katikati ni Ndaye Mulamba. Wa tatu nitamtaja baadaye, maana ndiye aliyeleta kesi.

Ndugu zangu, vijana wengine walisema: mwalimu, unawezaje kujaza kikosi bora kwa watu waliofungwa mabao 9 kwa 0? Ni kweli. Mwaka 1974 Zaire ilikwenda Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika huko. Ikafungwa na Uskoti 2 kwa 0, na Yugoslavia 9 kwa 0, na Brazili 3 kwa 0. Lakini kijana ukihesabu mabao, uhesabu na mengine. Wachezaji walikuwa wamepata habari kwamba marupurupu yao hayatawafikia, na mechi ya Yugoslavia waliingia uwanjani wakiwa wamevunjika moyo. Katika mechi hiyohiyo refa alimtoa Ndaye Mulamba kwa kosa lililofanywa na mwingine. Kuadhibiwa kwa kosa la mwingine, hilo hapa kambini halihitaji mkalimani.

Na Mwepu je? Dunia nzima inamcheka mpaka leo kwa kutoka ukutani na kuupiga mpira mbali kabla Wabrazili hawajapiga frikiki yao. Wakasema Mwafrika hajui sheria za mpira. Mtu aliyechukua Kombe la Afrika miezi mitatu tu kabla ya hapo hajui sheria! Mwepu mwenyewe alieleza baadaye kwamba alijua vizuri alichokuwa anafanya. Alisema walikuwa wametishwa kwamba wakifungwa na Brazili zaidi ya mabao 3 wasirudi nyumbani. Mtu mwenye hofu ya namna hiyo anafanya mambo ambayo anayemtazama kwa mbali anayaona ni ujinga. Wageni wetu waheshimiwa, nawaomba mlikumbuke hili siku mkimwona mkimbizi akifanya jambo msilolielewa. Muulizeni kwanza.

Sasa Ndaye Mulamba. Mwaka 1974 huko Misri alifunga mabao 9 katika fainali moja za Kombe la Afrika, na hakuna aliyewahi kuyafikia katika fainali za mwaka mmoja. Fainali na Zambia iliisha 2 kwa 2, ikarudiwa, tukashinda 2 kwa 0, na mabao yote manne yalikuwa yake. Mwaka 1994 alialikwa Tunisia kupewa heshima. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimpiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini, akaishi Cape Town maisha ya kubahatisha, akilinda magari ya watu yaliyoegeshwa. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika huko Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya kwa dakika moja kumwombolezea, kwa sababu zilikuwa zimeenea habari kwamba amekufa. Kumbe yu hai! Alifariki Januari 2019.

Yaani mfungaji huyo mkuu alikuwa kama sisi, ameacha nyumba yake, na kwao walishamzika kwa maneno. Je, tumpunguzie bao hata moja kwa sababu alikimbia? Hakuna aliyeandika hivyo katika karatasi zenu. Kura yake ilikuwa kubwa kuliko zote.

Nimebakiza jina moja, nalo ni Shabani Nonda.

Mwaka jana tulipata ruhusa ya kwenda na vijana wetu Gitega kwa mechi ya kirafiki. Wenyeji walitupokea vizuri, wakatuonyesha mji na uwanja wa Ingoma. Jioni tulipokuwa tunakula maharage, mwalimu wa timu yao, mzee mwenye umri kama wangu, akasikia vijana wanabishana habari za kikosi hiki. Akacheka akasema: "Nonda ni mtoto wa Bujumbura. Amecheza Vital'O yetu. Nyinyi Wakongo mmetuibia."

Alikuwa anatania, lakini alisema kweli tupu. Nonda alizaliwa Bujumbura mwaka 1977. Alicheza Vital'O, klabu ambayo mwaka 1992 ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika. Akaenda Yanga ya Dar es Salaam, akaenda Afrika Kusini, akaenda Zürich, Rennes na Monaco. Msimu wa 2002/03 alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Ufaransa kwa mabao 26. Mwaka 2004 aliingia uwanjani katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, Monaco ilipofungwa na Porto. Na jezi ya taifa aliyovaa ni ya Kongo.

Nikamjibu mzee yule: ndugu yangu, na nyinyi mnaye Saido Berahino. Amezaliwa Bujumbura, akakimbilia Uingereza akiwa mtoto, akachezea timu za vijana za Uingereza. Wangeweza kusema huyu ni wao sasa. Lakini mwaka 2018 alivaa jezi ya Intamba mu Rugamba, akafunga bao dhidi ya Gabon katika mechi yake ya kwanza, na mwaka 2019 akawa nahodha Burundi ilipocheza Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza. Mlimwuliza kwa nini alikimbia? Mzee akasema hapana, tulimshangilia. Nikamwambia, basi na sisi Nonda tunamshangilia. Tukacheka, tukamaliza maharage.

Lakini kesi haikuishia pale. Siku ya pili, tulipokuwa njiani tunarudi, tumepita Karuzi na vijana wengi wamelala ndani ya gari, beki wetu mmoja aliyeketi karibu yangu akaniuliza kwa sauti ndogo: "Mwalimu, mimi nimezaliwa Muyinga. Kongo sijaiona. Warundi wananiita Mkongo, na shangazi yangu aliyebaki Kongo akipiga simu ananiita Mrundi. Siku nikiwa mchezaji mkubwa, nitavaa jezi ya nani?"

Nilinyamaza. Mimi ni mwalimu, sijazoea kukosa jibu. Nilimwambia alale, tutaongea kesho. Sikuongea naye kesho yake, wala wiki ile. Leo ninamjibu mbele yenu wote, kwa sababu najua si yeye peke yake. Wako wengi hapa waliozaliwa nchi hii, na maswali yao wanayaficha ili wasituumize sisi wazazi.

Mwanangu, tazama kikosi hiki. Nonda amezaliwa nje ya Kongo, na yumo. Mulumbu amekulia Ufaransa, na yumo. Ndaye alikufa ugenini, na ndiye wa kwanza. Mahali ulipozaliwa si doa, na mahali ulipokimbilia si doa. Jezi utaichagua wewe siku ikifika, na hakuna mzee wa kambi hii atakayekulaumu. Ukivaa ya Kongo, watu wa Gitega watasema umetuibia, nasi tutacheka. Ukiipata ya Burundi, nitakuja uwanjani na ngoma.

Lakini kuchagua kuna sharti. Kanuni za FIFA zinataka mchezaji awe na uraia wa nchi anayoichezea, na uraia huthibitishwa kwa karatasi. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hachagui jezi yoyote. Hachagui shule wala mtihani. Siku ya kurudi nyumbani atashindwa kuonyesha ni mtoto wa nani. Wazazi, hapa ndipo nilipokuwa nataka kufika. Mmepiga kura kwa ajili ya Kazadi na Kidiaba kwa juhudi ambayo sijawahi kuiona. Lakini nilipokusanya karatasi za vijana wangu kwa safari ya Gitega, wengine hawakuwa na cheti chochote. Baba anamjua Ndaye alifunga bao gani dakika gani, na tarehe ya kuzaliwa ya mwanawe hajaiandikisha!

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwenu wazazi: asiyeandikisha mtoto wake asingoje mwaka mwingine, aje kwa Kamati tumsindikize ofisini. Kwenu wageni wetu: mtusaidie wale waliochelewa, kwa maana wengi hawakukataa, walikuwa hawajui au waliogopa kuulizwa maswali.

Akina dada wa timu ya wasichana wameniambia kwamba mwaka ujao wanataka kikosi chao. Wana haki, na kura tutaipiga.

Sasa nasoma kikosi chote, ili mwandishi wa gazeti letu asikosee: Kazadi, Mwepu, Bwanga, Mbemba, Mukombo, Kidumu, Mulumbu, Mputu, Kakoko, Ndaye, Nonda. Benchi: Kidiaba, Lobilo, Kalala. Na nafasi moja ya benchi tumeiacha wazi, haina jina. Kamati imekubali ibaki hivyo. Ni ya mtoto aliyezaliwa Muyinga.