Ushuru Usio na Hesabu

Nimeombwa kunena juu ya maisha ya raia na matumizi ya mali ya umma, nami nimechagua kunena juu ya Pinga, kwa kuwa katika mji ule mdogo wa Kivu Kaskazini ulio mpakani mwa teritwari mbili, Masisi upande huu na Walikale upande ule, raia ametozwa na kila mwenye bunduki na kila mwenye muhuri, wala sijui hata mmoja miongoni mwao aliyepata kumsomea hesabu.

Katika miaka ambayo kundi la waasi la NDC-R la Guidon Shimiray Mwissa liliifanya Pinga makao yake, hadi lilipogawanyika Julai 2020, kila mtu mzima alilipa faranka 1,000 za Kongo kwa mwezi, akapewa kikaratasi kilichoitwa jeton. Mama atokaye shambani na bidoni ya mawese mgongoni ilimlazimu awe nacho, kwani asiyekuwa nacho penye bariyeri alitozwa tena, au alifungwa. Ilikuwa dhuluma tupu. Walakini dhuluma ile ilikuwa na daftari, kwa maana mtozaji alimjua aliyelipa na asiyelipa, na aliyebaki gizani ni mlipaji peke yake, asiyeambiwa fedha yake imenunua nini. Wala tusijidanganye kwamba giza hilo ni la waasi tu. Watafiti wa taasisi ya IPIS walipozihesabu bariyeri za Kivu Kaskazini na Kivu Kusini mwaka 2017 walifikia 798, na aliyeonekana katika nyingi kuliko mwingine yeyote alikuwa askari wa jeshi la taifa.

Sasa tuigeukie sheria, ambayo kwa maandishi yake ni njema. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara ya 175, imeamuru kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa ibaki mikoani, ikatwe papo hapo inapokusanywa, isisubiri hisani ya Kinshasa. Na katika fungu hilo mkoa nao unalazimika kuzigawia asilimia 40 serikali zilizo chini yake, yaani miji, komini, sekta na usultani. Pigeni hesabu: katika kila faranka 100, faranka 16 ni haki ya serikali iliyo karibu kabisa na mwananchi. Ukato huo wa papo hapo haujatekelezwa kama ulivyoandikwa. Mikoa imezoea kungoja kile kitakachotumwa, na sekta zikangoja mabaki ya mikoa.

Hata hivyo, zingefika zote 16, nani angezipokea kwa niaba yetu? Sheria ya Oktoba 2008 yataka kila sekta na kila usultani uwe na baraza lililochaguliwa. Tarehe 20 Desemba 2023 ndipo taifa lilipochagua madiwani chini ya katiba hii, nao walikuwa wa komini za miji mikuu ya mikoa tu. Sekta na usultani zikaachwa, na Masisi haikupiga kura ya aina yoyote. Basi bajeti ya mahali petu huandikwa na mtu tusiyemchagua, na kukaguliwa na baraza lisilokuwepo.

Kwa ajili hiyo mimi huwa na shaka kila nionapo jiwe la msingi likiwekwa kwa ngoma na hotuba. Mpango wa maendeleo ya teritwari 145, uliokadiriwa kugharimu zaidi ya dola bilioni 1.6, umeahidi shule, zahanati na majengo ya utawala, nami sina ugomvi na shule. Ninalouliza ni hili: ukuta ukipasuka baada ya masika moja, mzazi wa Pinga ampelekee nani shauri lake, wa Masisi au wa Walikale? Hata fedha za madini hazizigusi pande hizi mbili sawasawa: sheria ya madini ya 2018 yaiachia serikali ya mahali penye mgodi asilimia 15 ya mrabaha, na Bisie, mgodi mkubwa wa bati, uko Walikale. Kwa hiyo katika soko moja, muuza mihogo mmoja aweza walau kuuliza juu ya mrabaha huo, na jirani yake wa upande wa Masisi hana hata mlango wa kubisha.

Wataniambia kwamba wakati wa vita si wakati wa hesabu. Lakini utawala wa kijeshi ulioanza tarehe 6 Mei 2021 ulilisimamisha baraza la mkoa, ukarefushwa siku 15 baada ya siku 15 kwa miaka, na amani iliyokuwa hoja yake haikuja. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma yenyewe, mji mkuu wa mkoa, ilianguka mikononi mwa waasi. Tulinyang'anywa wakaguzi, na usalama hatukupewa badala yao.

Ninachokidai ni kidogo: karatasi mbili kila mwezi, moja ya Masisi na moja ya Walikale, zibandikwe ukuta mmoja sokoni, kwa Kiswahili, zikionyesha kilichoingia, kilichotoka, na jina la aliyetia sahihi, na kwa wasiojua kusoma, zisomwe kwa sauti siku ya soko. Kazi hii haihitaji mfadhili wala mkutano wa kimataifa. Yamhitaji karani mmoja, na mkuu wa sekta aliye radhi kuulizwa maswali hadharani.